Kinanda cha taarab: Usinunue wingi wa milio, nunua robo sauti

TUKIZUNGUMZIA mitaji vijijini na miji midogo, huwa tunataja mbolea, pampu na mashine za kukoboa. Kinanda hatukitaji. Lakini mavuno yakishauzwa harusi huanza, na kikundi cha muziki ni biashara kama genge la nyanya: kina mtaji, kina wateja na kinaweza kufilisika.

Ipo hasara moja ambayo kikundi cha taarab kinaweza kuiepuka kabisa. Nayo ni kununua kinanda kisichoweza kupiga muziki ambao mteja anaulipia.

Kinanda cha kawaida kimegawanya sauti, kutoka Do hadi Do ya juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa. Wataalamu hupima kila hatua kuwa senti 100, hivyo jumla ni senti 1,200. Senti hizi si za fedha, ingawa zikikosewa fedha hupotea.

Taarab asilia, iliyorithi maqamu za Kiarabu, hutumia pia sauti zilizo katikati ya hatua hizo. Katika maqamu ya Rast ikianzia Do, Mi na Si hushuka kwa takriban senti 50, yaani robo sauti. Mpiga udi au fidla huzipata kwa kidole, na ganuni ina vibao vidogo vya kurekebisha nyuzi. Mpiga kinanda hana pa kuzipata, isipokuwa kama mtengenezaji alimwekea njia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishawishike na muuzaji anayekuhesabia mamia ya milio ya tarumbeta na ngoma. Mkulima hanunui pampu kwa rangi yake. Huuliza inavuta maji kutoka kina gani.

Ukiwa dukani, fanya majaribio manne. Kwanza, shusha Mi na Si kwa senti 50, kisha piga kutoka Do hadi Do. Pili, jaribu kubadilisha maqamu huku wimbo ukiendelea. Kama ni lazima usimame na kupekua kurasa za mipangilio, hakifai jukwaani. Tatu, hifadhi mpangilio wako, zima umeme, washa tena uone kama upo. Nne, sikiliza kama muziki wa kusindikiza nao umefuata mpangilio huo, au unagombana na mkono wako wa kulia.

Vinanda vya Korg vya jamii ya Pa na Yamaha PSR-A3000 na PSR-A5000 vina nyenzo za kazi hii. Hata hivyo, kwa mtumba pima hicho hicho unachokinunua, kwa kuwa kitufe kilichokufa hakitangazwi.

Usikubali pia kuambiwa kwamba gurudumu la kupindisha sauti linatosha. Gurudumu hilo hupindisha kwa pamoja sauti zote za mlio unaoupiga. Linafaa ukipiga sauti moja moja, lakini ukizipiga kadhaa kwa pamoja, zilizokuwa sawa nazo hupotoka.

Tufanye hesabu ya mfano, nawe weka tarakimu zako. Kinanda chenye robo sauti kigharimu Sh4,500,000, kisicho nayo Sh900,000, na kila kimoja kidumu miaka mitano. Cha kwanza kikipata harusi 30 kwa mwaka, ni harusi 150, sawa na Sh30,000 kwa kila harusi. Cha pili kikiitwa harusi nne tu kwa mwaka kwa sababu wateja wa taarab asilia wamekikataa, ni harusi 20, sawa na Sh45,000 kwa kila moja. Wahenga walisema rahisi ghali.

Wapo watakaosema kuwa vijana wa leo hawajali robo sauti. Kwa kikundi kinachopiga rusha roho pekee, hoja hiyo inaweza kuwa ya kweli, na kikundi hicho hakina sababu ya kulipia kisichohitaji. Ndiyo maana nasema soko lijulikane kabla ya bei kuulizwa.

Hali ni tofauti tena kwa anayetaka kutunga kwa kufuata muziki wa Wagogo wa Dodoma, unaofuata sauti asilia za uzi. Sauti ya tano katika mfululizo huo iko senti 14 chini ya ufunguo wa kinanda ulio karibu nayo, na ya saba iko senti 31 chini. Kitufe cha robo sauti, kinachoruka senti 50, hakimfai. Anahitaji chombo kinachorekebisha kila ufunguo kwa senti moja moja.

Huyo, na yeyote mwenye mtaji mdogo, aanzie kwenye kompyuta. Surge XT ni sintesaiza ya kompyuta inayotolewa bure, nayo hupokea mafaili ya vipimo vya sauti ya programu ya Scala. Scala nayo ni ya bure, na ina hazina ya vipimo zaidi ya 5,000. Kwa mwenye intaneti, ipo Leimma, iliyozinduliwa mwaka 2021 na mwanamuziki Khyam Allami pamoja na studio ya Counterpoint, ambayo humwezesha mtu kutengeneza vipimo vyake na kuvisikiliza. Ableton Live ya kulipia imekuwa na uwezo huo tangu toleo la 12 la mwaka 2024, lakini hakuna haja ya kukimbilia ya kulipia kabla ya kuzichosha za bure.

Maoni yangu ni kwamba kikundi kisikope hata shilingi kabla ya kutunga nyimbo mbili au tatu kwa programu hizo, na kuwasikilizisha wazee wanaojua maqamu pamoja na wateja wanaolipa. Wakitikisa kichwa kwa kukataa, fedha ya wanachama bado iko salama. Wakikubali, kikundi kitaingia dukani kikijua kinachotafuta, na muuzaji hatakuwa na la kukidanganya.