Alama Iliyo Kifuani mwa Kijana



Hivi karibuni ulizuka ubishi mdogo nje ya kanisa, baada ya Misa ya vijana. Kijana mmoja, mwanakwaya mwenye bidii na mwendesha bodaboda, alikuja amevaa fulana ya mitumba yenye picha ya tai mweusi aliyekunjua mabawa, na katika makucha ya tai yule duara lenye msalaba uliopindwa ncha. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alimtaka aivue. Kijana akajibu kuwa ni picha tu, na kwamba aliinunua kwa bei nafuu sokoni Makambako. Baadhi ya waamini walimcheka mzee. Sisi wa Tume twaona kwamba mzee alikuwa na haki, ingawa alikosa maneno ya kujieleza. Basi na tujaribu kueleza kwa niaba yake.

Alama ile ni ya chama cha Manazi, kilichotawala Ujerumani tangu mwaka 1933 hadi 1945 chini ya Adolf Hitler. Chini ya alama hiyo waliuawa Wayahudi wapatao milioni sita, pamoja na mamilioni ya watu wengine. Binamu yake ni ufashisti wa Italia, ulioshika madaraka mwaka 1922 chini ya Benito Mussolini. Ufashisti humpa kiongozi heshima impasayo Mungu, huiweka nguvu mahali pa haki, nao hauwezi kuishi bila adui wa ndani wa kuchukiwa. Hapa yafaa kutahadharisha: Wahindu na Wajaini wanao msalaba uliopindwa walioutumia maelfu ya miaka kabla ya Hitler kuzaliwa, nao kwao ni ishara ya heri. Mtu asije akamsumbua mwenye duka Mhindu kwa kisingizio cha makala hii.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu, yatuhusu nini sisi wa Njombe? La hasha. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, yakatumia hata gesi ya sumu. Huko Italia vita vile vilisindikizwa na wimbo wa kuchangamsha, uitwao "Faccetta Nera", uliomwimbia msichana wa Kihabeshi kana kwamba askari anakwenda kumkomboa. Watu waliucheza wimbo, na Wahabeshi walikufa. Mwezi Mei 1937 mamia ya wamonaki wa Debre Libanos waliuawa kwa amri ya Jenerali Graziani. Nasi Wakatoliki tusijifiche: Papa Pius wa Kumi na Moja aliwaandikia Wajerumani waraka mkali dhidi ya Unazi, uliosomwa makanisani mwao Jumapili ya Matawi mwaka 1937, lakini baadhi ya maaskofu wa Italia walikuwa wameisifu vita ya Ethiopia kama kazi njema. Askari wa Kiafrika, vijana wa Tanganyika miongoni mwao, ndio waliotumwa Ethiopia kupigana na majeshi ya Mussolini.

Tena kuna Kidugala, si mbali na Makambako. Wakati wa vita kuu ya pili misheni ile ya Kilutheri ilipokea wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto. Nchi yao iligawanywa mwaka 1939 kati ya Hitler na Stalin. Wao walipelekwa uhamishoni Siberia, na kuanzia mwaka 1942, baada ya kupitia Iran, wakaletwa Afrika Mashariki. Baadhi yao walizikwa Kidugala. Kwa hiyo mtu aliyevaa fulana ile akipita karibu na makaburi hayo, apita mbele ya watu ambao alama iliyo kifuani pake iliwapokonya nchi. Hafahamu, na hatumlaumu kwa kutofahamu.

Hatumlaumu pia kwa sababu hakuanza yeye. Katika miaka ya 1970 vijana wa muziki wa fujo jijini London waliivaa alama hiyo ili kuwaudhi wazazi wao. Mwaka 2005 mwana wa mfalme wa sasa wa Uingereza alipigwa picha kwenye sherehe akiwa na kitambaa chake mkononi. Mwezi Februari 2025 mwanamuziki wa Marekani Kanye West, anayejulikana sana kwa vijana wetu, aliuza kwenye intaneti fulana nyeupe yenye alama hiyo kwa dola 20, na mwezi Mei akatoa wimbo wenye salamu ya Hitler katika jina lake. Baadaye aliomba radhi. Lakini wimbo ukishaingia katika simu za watu, radhi haiufuati. Ndivyo alama inavyosafishwa: kwanza huwa kichekesho, kisha mtindo, na hatimaye hakuna akumbukaye waliokufa. Wazee wetu waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 wanajua kwamba nduli Amin alimsifu Hitler katika simu ya maandishi aliyoituma Umoja wa Mataifa mwezi Septemba 1972. Dunia ilicheka, ikamwona kama mchekeshaji. Waganda hawakucheka.

Lakini fundisho kubwa zaidi li karibu nasi, nalo halina msalaba uliopindwa. Ni Rwanda. Mwezi Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapa "amri kumi" za Wahutu, yaani liliiba umbo la Amri za Mungu na kulijaza chuki. Mwezi Julai 1993 ikaanza redio ya RTLM. Wengi waliifungulia kwa ajili ya muziki mtamu wa Kikongo na mizaha ya watangazaji, na katikati ya muziki wakasikia kwamba Watutsi ni inyenzi, yaani mende. Interahamwe nao walikuwa na sare zao, vitenge vya rangi za chama, na nyimbo zao na ngoma zao. Kijana asiye na kazi alipata rafiki, wimbo na vazi siku moja. Panga lilikuja baadaye. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, nao mto Kagera ulikuwa ukichukua maiti.

Mwanamuziki Simon Bikindi alishtakiwa Arusha mbele ya Mahakama ya Kimataifa. Hukumu yake ya tarehe 2 Desemba 2008 yafaa isomwe na kila mwalimu wa kwaya. Majaji walikubali kwamba nyimbo zake zilichochea chuki ya kikabila. Hata hivyo hawakumtia hatiani kwa ajili ya nyimbo hizo, kwa maana haikuthibitika kwamba alizitunga kwa kusudi la kuchochea mauaji ya kimbari. Alifungwa miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994. Sheria ilifika hapo ikasimama. Kilichobaki kati ya wimbo na kipaza sauti ni kazi ya dhamiri, ya wazazi na ya Kanisa; na katika Rwanda ile yenye Wakatoliki wengi kazi hiyo haikufanyika. Padre Athanase Seromba, aliyekuwa Nyange, alihukumiwa na mahakama hiyohiyo kwa kushiriki katika kubomolewa kwa kanisa lake juu ya watu waliokimbilia humo.

Sasa tujiangalie. Vijana wahalifu wa Dar es Salaam tuliwapachika jina la Panya Road, na jina hilo likashika magazetini na midomoni mwetu. Uhalifu wao ni wa kweli, na walioumizwa nao wanastahili haki. Lakini panya hapelekwi mahakamani, panya huuawa. Na wakati wa kampeni, katika vyama vyote, twasikia nyimbo zinazowageuza wapinzani kuwa wadudu au uchafu wa kufagiwa, nasi twazicheza kwa sababu mdundo ni mzuri. Jambo hili latutia hofu zaidi kuliko fulana moja ya mitumba.

Twawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasimnyang'anye kijana nguo mbele za watu. Aibu humsukuma kijana kwa yule atakayemsifu. Akae naye mtu mzima, amweleze habari za Kidugala na za Rusumo, kisha amwache aamue. Naye asiye na fulana ya pili atafutiwe. Viongozi wa VIWAWA na walimu wa kwaya hapa Ramadhani twawaomba, kabla ya mkutano ujao, wasikilize pamoja na vijana nyimbo tano wanazozipenda zaidi, neno kwa neno, na kuandika kila mahali ambapo mtu ameitwa mnyama au mdudu. Karatasi hizo ziletwe kwa katibu wa Tume.