Tukisusa Petroli, Bei Itashuka?



Kila petroli inapopanda, ujumbe ule ule hurudi kwenye simu zetu: siku fulani tusinunue mafuta, kampuni zitashika adabu. Shemeji yangu amenitumia mara mbili, na mara zote mbili nilimwona siku ya pili yake yuko kwenye foleni anajaza tangi!

Ujumbe huo si mgeni. Marekani ulizungushwa kwa barua pepe mwaka 1999, watu wakaambiwa wasinunue petroli tarehe 30 Aprili. Ukarudi Mei 15, 2007. Haukuleta nafuu, kwani aliyejaza jana na atakayejaza kesho wametumia mafuta yale yale. Wengine wakashauri isuswe kampuni moja tu. Lakini kampuni hizi huuziana mafuta. Ukiikimbia pampu ya huyu, yule uliyemkimbilia atahitaji shehena zaidi, na huenda akaichukua kwa huyo huyo uliyemsusa. Anayeumia ni mwenye kituo cha mtaani na vijana wake wa pampu.

Waliojaribu kwa dhati ni watu wa Moroko. Kuanzia Aprili 2018 walisusa maziwa ya Centrale Danone, maji ya Sidi Ali na petroli ya Afriquia, si kwa siku moja bali kwa miezi. Maziwa yaliitika: mkuu wa Danone alifunga safari mwenyewe, na Septemba bei ikashushwa. Petroli ilikuwa ngumu zaidi. Maziwa yakikosekana watoto watakunywa chai ya rangi, lakini teksi haiendi kwa chai. Suala la faida za kampuni za mafuta lilikuja kufika mbele ya Baraza la Ushindani la nchi hiyo, na Novemba 2023 kampuni tisa zilikubali kulipa dirham bilioni 1.84 kumaliza kesi. Miaka mitano ilishapita.

Hapa Kenya bei ya juu kabisa hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Kukigomea kituo ni kumgombeza mpishi kwa bei ya mchele. Ndani ya bei hiyo mna bei ya dunia, mna dola, na mna kodi. Hizo mbili za mwanzo hatuzifikii. Aprili 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa korona, mafuta ghafi ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri kwa siku moja. Kususa kwa kiasi hicho ndiko kunakoshusha bei, na nani anakutaka tena?

Kodi tunaifikia. Septemba 2018 VAT ya mafuta ilianza kwa asilimia 16, wananchi wakalalamika sana, ikashushwa hadi 8 mwezi ule ule. Julai 2023 ikarudishwa 16, wengi wetu tukiwa tunasambaziana ujumbe.

Basi shemeji anisamehe, sitausambaza. Watoto nitawapeleka madrasa kwa miguu, na mbunge wetu nitamwuliza mapema, kabla ya bajeti ya Juni, kodi ya mafuta ataipigia kura gani.

Wassalaam.