Alama ya maji haimzuii mwizi, inamfukuza mteja

Fungua galari ya mpiga picha wa harusi mtandaoni. Bibi harusi amependeza, lakini uso wake huuoni vizuri. Umefunikwa na jina la studio, nambari ya simu na mchoro wa kamera, kutoka kona hadi kona. Wenyewe wanaiita alama ya maji. Mimi naiita tope.

Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: "Picha zangu zinaibwa." Kweli, zinaibwa. Mtu analoa mvua akipiga picha ya mafuriko, kesho yake anaikuta kwenye ukurasa wa mwingine, bila jina lake na bila hata shilingi. Hasira yake ni halali. Dawa ndiyo mbovu.

Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba programu ikipewa picha nyingi zenye alama ile ile, inaweza kulitambua umbo la alama hiyo, ikaiondoa na kurudisha picha iliyokuwa chini yake. Yaani unavyozidi kubandika alama moja kwenye mamia ya picha, ndivyo unavyomfundisha mwizi namna ya kuifuta. Siku hizi hata picha moja inatosha: programu za akili bandia hufuta na kujaza pengo papo hapo. Anayebaki kusumbuliwa na alama yako ni yule aliyekuja kukuajiri.

Alama ina kazi yake, nayo ni kusema picha imetoka kwa nani. Mwaka 2023 Getty Images ilipoishtaki kampuni ya Stability AI, ilionyesha picha zilizotengenezwa na programu ya kampuni hiyo zikiwa na alama ya Getty iliyopindapinda. Alama haikufunga mlango. Ilitoa ushahidi. Na kutoa ushahidi hakuhitaji kumfunika mtu uso.

Basi tufanyeje? Mambo matatu.

Kwanza, faili la asili libaki nyumbani. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye upana wa pikseli 6000 hivi. Mtandaoni peleka 1200. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni inchi 4 tu. Bango zuri halitoki hapo. Na siku ya ubishi, mwenye pikseli 6000 ni wewe.

Pili, weka jina dogo kwenye kona. ImageMagick ni programu huria na ya bure. Tengeneza folda mbili, "asili" na "wavuni", kisha:

for f in asili/*.jpg; do
magick "$f" -auto-orient -resize '1200x1200>' -gravity SouthEast -pointsize 22 -fill '#ffffffb0' -annotate +20+20 '© Jina Lako' "wavuni/$(basename "$f")"
done

Picha 500 zitapunguzwa na kutiwa jina wewe ukinywa chai.

Tatu, andika jina ndani ya faili lenyewe kwa ExifTool, nayo ni ya bure:

exiftool -Artist='Jina Lako' -Copyright='© Jina Lako' wavuni/

Mitandao mingi ya kijamii huyafuta maelezo haya. Lakini nanyi waunda programu wenzangu, mbona galari tunazowaundia wateja zinayafuta pia kila zinapopunguza picha? Kifungu cha 35 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinahesabu kuondoa au kubadili maelezo ya kielektroniki ya haki kuwa ukiukaji. Sisi tunayafuta ili kuokoa baiti chache! Tuache.

Najua utasema, "Jina la kona litakatwa." Litakatwa, naam. Na lile kubwa litafutwa. Tofauti ni kwamba lile kubwa limekuharibia picha mbele ya kila mtu mwaminifu aliyepita, ilhali mwizi amelipita kwa dakika moja. Tena, hakimiliki unaipata picha inapopigwa, wala haingoji jina libandikwe juu yake. Kinachokulinda ni faili la asili, tarehe, na ujasiri wa kumwandikia aliyechukua na kumdai malipo.

Pahali pamoja nakubali alama kubwa: mteja anapochagua picha ambazo bado hajazilipia. Hapo kuna deni, na akilipa alama inaondoka. Lakini galari ya kujitangaza ni duka lako. Mwenye duka la vitambaa hawapaki lami ili visiibwe.

Leo jioni itazame galari yako kwa simu ya rafiki, kama mtu asiyekujua. Kama jicho linatua kwenye jina lako kabla ya kutua kwenye picha, anza kufuta.