Calvin Johnson hakutoroka kazi

Kuna neno tunalopenda kumtupia mchezaji anayeacha wakati bado anang'aa. Tunasema "ametoroka". Leo nalikataa neno hilo, na mfano wangu ni Calvin Johnson wa ekipe ya Detroit Lions, katika futuboli ya Marekani, aliyeaga uwanja mwezi wa tatu 2016 akiwa na miaka 30 tu.

Najua mchezo huo hauna wafuasi wengi huku kwetu. Mpira wenyewe una umbo la yai na unashikwa kwa mikono. Wanaoufahamu wanamkumbuka hasa Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, aliyechaguliwa na Carolina Panthers mwaka wa 1996 na kukimbia na mpira mpaka mguu ulipomkatalia mwaka wa 2001. Yeye hakuchagua siku ya kuacha. Mguu ndio ulimchagulia.

Kazi ya Calvin ilikuwa nyingine. Alikuwa mpokeaji: anatoka mbio pembeni ya uwanja, anamkwepa mlinzi, anageuka, na mpira uliorushwa na mwenzake kutoka mbali unamkuta hewani. Mikono iko juu, macho yako kwenye mpira, mbavu na magoti yako wazi. Walinzi wanafika sekunde hiyohiyo, tena wanafika kwa nguvu zote, na sheria inawaruhusu. Kwa kila mpira mzuri tunaouona kwenye televisheni kuna mtu anayeanguka chini na mwingine juu yake.

Na huyu alianguka mara nyingi. Lions walimchagua mwaka wa 2007, akiwa wa pili katika nchi nzima. Mwaka uliofuata ekipe yake ilipoteza mechi zote 16. Zote! Mtu mwingine angekata tamaa, lakini yeye aliendelea kudaka. Mwaka wa 2012 alifikisha yadi 1,964 katika msimu mmoja, akavunja rekodi ya Jerry Rice ya 1,848 iliyokuwa imekaa tangu 1995. Alipoivunja alienda kando ya uwanja akampa baba yake ule mpira. Ekipe ilishindwa siku ile, na msimu mzima ilishinda mechi 4 tu. Katika miaka tisa Lions waliingia mechi za mtoano mara mbili, na mara zote mbili wakatolewa mechi ya kwanza.

Basi tuwaulize wale wanaosema alitoroka: alitoroka nini? Vidole vilikuwa vimeharibika, kifundo cha mguu na magoti vilikuwa vinauma kila wiki. Baada ya kuacha alisema wazi kwamba dawa za kutuliza maumivu zilipatikana kirahisi sana kwa wachezaji, na kwamba kuna wakati mtu anagongwa kichwa na hamwambii kocha, kwa sababu anajua ana kazi ya kufanya. Alikiri kwamba hata yeye alifanya hivyo. Demaryius Thomas, mpokeaji wa wakati wake aliyeshinda Super Bowl na Denver, alifariki mwaka wa 2021 akiwa na miaka 33. Mwaka uliofuata madaktari wa Boston walitangaza kwamba walikuta katika ubongo wake ule ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo hasira yangu iko. Mwaka wa 2012 Calvin alikuwa ametia saini mkataba mkubwa wa miaka mingi. Huko, mchezaji anaposaini anapewa fungu la pesa mbele, na fungu hilo linahesabiwa kwa miaka yote ya mkataba. Akiacha kabla ya muda, kilabu ina haki ya kudai kilichobaki. Lions walidai, na Calvin akarudisha zaidi ya dola milioni moja. Walikuwa wamefanya hivyo pia kwa Barry Sanders, nyota wao mwingine, aliyeacha mwaka wa 1999.

Kuna watakaosema mkataba ni mkataba, na kwamba tajiri hahitaji kuhurumiwa. Nakubali nusu. Sheria ilikuwa upande wa kilabu, na Calvin hakulala njaa. Lakini mkataba huohuo unamruhusu mwenye ekipe kumfukuza mchezaji kabla ya miaka kuisha na kuacha kulipa sehemu kubwa ya mishahara iliyobaki. Mwenye ekipe akivunja, tunaita biashara. Mchezaji akivunja ili aweze kutembea akiwa na miaka 50, tunaita utoro. Mizani gani hiyo?

Nasema haya kwa sababu nasikia lugha ileile kwenye viwanja vyetu vya vumbi, ambako hakuna hata mkataba. Kijana ana goti limevimba, na wakubwa pembeni wanampigia kelele aingie, asiwaangushe wenzake. Akikaa, anaitwa mvivu mpaka mwisho wa mwaka. Wazazi, ninyi pia mko katika zile kelele.

Calvin alikaa miaka mingi bila kuelewana na kilabu chake, na sababu haikufichwa: ni zile pesa. Mwaka wa 2021 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, mara ya kwanza tu jina lake lilipopigiwa kura. Lions walisubiri mpaka mwisho wa mwezi wa tisa 2024 ndipo wakampa heshima yao katika uwanja wao wa Detroit. Alikuwa ametimiza miaka 39 siku moja kabla, na alifika pale kwa miguu yake mwenyewe.