Barua Pepe Ikikawia Kufunguka, Lawama Iende Wapi?

Aghalabu mhadhiri wa Kiswahili aketipo mbele ya tarakilishi asubuhi na kuiona programu yake ya barua pepe ikijikokota dakika tatu au nne kabla ya kufunguka, hukumu huwa imekwisha kutolewa: mtambo umezeeka. Huitwa fundi. Fundi naye, kwa kuwa ana wateja wengine wanaomngoja, huifuta diski nzima na kupachika mfumo upya. Programu sasa hufunguka mara moja. Lakini ikiwa barua zilikuwa zimepakuliwa na kuondolewa kwenye seva, zile za miaka kumi, zikiwamo sura za tasnifu zilizosahihishwa na majibizano na msimamizi, zimekwenda na maji. Huo ndio msiba, wala si zile dakika nne.

Ichukuliwe mathalani Thunderbird, programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Kwa kawaida huhifadhi barua zote za folda moja katika faili moja ndefu. Mtumiaji afutapo barua, haiondoki ndani ya faili hiyo. Hutiwa alama tu na kufichwa machoni. Kwa hivyo folda inayoonyesha barua mia mbili huweza kubeba uzito wa maelfu. Kando ya kila faili pana faharasa yake, yenye kiishio cha .msf, na faharasa ikiharibika programu hulazimika kuisoma upya faili yote. Ongeza hapo programu-jalizi zilizopachikwa na kusahaulika, pamoja na programu ya kukinga virusi inayoipekua faili hiyo kubwa, na kukawia hakuwi tena kitendawili.

Tiba yenyewe si ngumu. Kwanza folda yote ya wasifu inakiliwe kwenye diski ya pembeni. Kisha programu ifunguliwe huku kitufe cha Shift kimeshikiliwa, ili programu-jalizi zizimwe. Ikifunguka upesi, mkosaji amejulikana. Isipofanya hivyo, folda zisafishwe kwa ile amri iitwayo kwa Kiingereza “compact”. Faharasa mbovu zaweza kufutwa programu ikiwa imefungwa, nazo zitajijenga upya. Ila mfutaji awe mwangalifu: faili isiyo na kiishio ndiyo yenye barua.

Hapa ndipo suala hili linapowahusu wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao huliona kuwa la idara nyingine. Programu yenyewe huweza kumwomba mtumiaji ruhusa ya kutekeleza amri hiyo. Asiyelielewa ombi hubofya kukataa, na uzito huzidi kurundikana. Je, amri hiyo iitweje? Mwenye kamusi tu mkononi atasema “kubana”. Neno hilo lapotosha, kwa maana kilichobanwa bado kimo chote ndani, ilhali hapa kilichofutwa hutupwa na kilichohitajika hubaki. Kitendo hicho kila mkulima akijua: ni kupepeta. Mwanaistilahi ambaye hajawahi kuiona faili ikipungua baada ya amri hiyo hawezi kulifikia neno hilo, hata akeshe na orodha za Kiingereza.

Kwamba kazi ya namna hii yawezekana ilithibitishwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice. Kinachokosekana katika vyama vingi vya wanafunzi ni mazoea ya kuyaandika maelezo ya utatuzi kama haya kwa Kiswahili na kumpa mtu ayafuate hatua kwa hatua, hadi ijulikane ni neno gani lililomkwamisha. Kurasa mbili za maelezo yaliyojaribiwa hivyo, zikibandikwa kwenye mlango wa maabara ya tarakilishi, zingeokoa barua za msimamizi mmoja au wawili kabla ya muhula kwisha.