Peter Higgs Mbele ya Kamati ya Kupandisha Vyeo

Desemba 2013, akiwa safarini kwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia, Peter Higgs aliliambia gazeti la Guardian la Uingereza kwamba kwa mfumo wa siku hizi hakuna chuo kikuu ambacho kingemwajiri. Angeonekana hana tija ya kutosha. Baada ya 1964 alichapisha makala za kitaalamu zisizofika kumi, na idara yake huko Edinburgh ilipowataka wahadhiri waorodheshe machapisho yao ya karibuni, yeye alikuwa akijibu kuwa hana. Kwa maelezo yake mwenyewe, kilichomwokoa ni kuwa jina lake lilikwishapendekezwa kwa Nobel mwaka 1980, na wakuu wa chuo waliona afadhali wavumilie, huenda siku moja akaipata.

Makala ya 1964 iliyompa jina ilijaa kurasa mbili tu. Toleo lake la kwanza lilikataliwa na Physics Letters, jarida lililokuwa likihaririwa CERN, kituo cha Ulaya cha fizikia ya chembe, kilekile ambacho Julai 4, 2012 kilitangaza kuiona chembe inayoitwa sasa chembe ya Higgs. Higgs aliongeza maelezo yaliyoitaja chembe hiyo, akaipeleka makala Marekani, ikatoka katika Physical Review Letters.

Sasa Higgs aletwe mbele ya kamati ya kupandisha vyeo inayotumia kipimo cha h, kilichobuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Hesabu yake ni nyepesi: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20. Maana yake ni kwamba mtu mwenye makala kumi hawezi kuvuka h ya 10, hata kama moja kati ya hizo imenukuliwa mara elfu kadhaa. Aliyeandika makala 40 za kawaida, kila moja ikanukuliwa mara 40, anamzidi mara nne.

Nayo manukuu huchukua muda wake. Steven Weinberg alichapisha mwaka 1967 makala ya kurasa tatu iliyounganisha nguvu ya sumaku-umeme na nguvu dhaifu ya nyuklia. Kwa miaka minne karibu hakuna aliyeinukuu. Mwaka 1971 kijana wa Utrecht, Gerard 't Hooft, akaonyesha kuwa nadharia za aina ile zinahesabika bila kutoa majibu yasiyo na kikomo, na makala ya Weinberg ikageuka kuwa miongoni mwa zinazonukuliwa zaidi katika fizikia yote. Nobel ilimfikia mwaka 1979. Mtafiti mwenye mkataba wa miaka mitatu angekuwa amekwishafungasha virago.

Upande wa pili wa fani hiyohiyo, idadi hufurika. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN zilichapisha kwa pamoja kipimo cha uzito wa chembe ya Higgs: kurasa 33, na kati ya hizo 24 ni majina ya waandishi 5,154 na taasisi zao. Mwanachama wa timu kama hizo hukusanya mamia ya makala kabla hajafika umri wa makamo. Yupo aliyetengeneza kifaa cha kunasia chembe na yupo aliyeandika programu ya kuchambua migongano, lakini orodha haisemi ni nani alifanya lipi. Kumlinganisha mtu huyu na Higgs kwa idadi ni upuuzi, ingawa wote wawili huitwa wanafizikia wa chembe.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania hupandisha wahadhiri kwa kutazama sana machapisho, na tangu 2018 Kigali ina taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki yenye uhusiano na kituo alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam huko Trieste. Wanaotoka huko watapimwa kwa mizani hizihizi.

Hata hivyo, kuitupa namba kabisa ni hatari. Kijana asiye na mkubwa wa kumsemea anaweza kuiweka mezani na kusema: kazi yangu imetumiwa na watu wasionijua. Kamati isiyo na namba huishia kusikiliza barua za wakubwa, na barua hizo zina upendeleo wake. Kinachofaa ni mwombaji achague makala zake tatu au nne, aeleze kwa maandishi mchango wake halisi katika kila moja, na wanakamati wazisome kabla ya kufungua ukurasa wa manukuu. Kuzisoma kutachukua jioni nzima, na kwa nadharia kama ya Weinberg kamati italazimika kumwita mtaalamu wa nje. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kumwajiri profesa kwa miaka 30 kwa kuangalia tarakimu moja kwenye skrini.