KITANDA CHA FUNDI KIKO WAPI?



Jukwaa la kutolea mafuta baharini ni kiwanda na ni bweni, vyote vimepandishwa juu ya miguu ya chuma, wala hapana uwanja wa kukimbilia. Basi yule achoraye ramani yake, akaamua mtambo ukae hapa na kitanda kikae pale, ndiye aamuaye nani atapona siku ya ajali.

Tazameni Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Lilianza kazi mwaka 1976 likiwa limepangwa kwa ajili ya mafuta. Baadaye tamaa ya gesi ikaja, mitambo ya kushindilia gesi ikaongezwa, tena karibu na chumba cha kuongozea mitambo. Kuta zilizotenga sehemu hizo zilikuwa za kuzuia moto, si za kustahimili mlipuko.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 gesi ilivuja, ikalipuka. Kuta zikabomoka, chumba cha uongozi kikaharibika, hakuna tena wa kutoa amri. Kisha mabomba ya gesi yaliyounganisha jukwaa hilo na majukwaa jirani yakapasuka kwa joto. Watu walikusanyika bwenini kungoja helikopta, kama walivyofundishwa. Helikopta hazikuweza kutua. Moshi ndio ulioingia. Walikufa watu 167. Wengi katika wale 61 waliookoka ni walioacha kungoja, wakashuka kwa kamba au wakajitupa baharini.

Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106. Mwenye jukwaa sasa athibitishe, kabla ya kazi, kwamba watu wana mahali pa kujihifadhi pasipoingia moshi, na njia za kutokea. Na tangu 1989 sheria ya Uingereza inawapa wafanyakazi wa baharini haki ya kuchagua wajumbe wao wa usalama. Kwa nini haki hiyo ilingoja makaburi?

Juzi tawini nilichora jukwaa hilo ubaoni. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akasimama: “Mwalimu, huo moshi, upepo ukigeuka unakwenda wapi?” Hakuwahi kusoma uhandisi hata siku moja.

Sisi nasi tuna gesi chini ya bahari yetu. Ramani za mitambo yake zitakapoletwa, nataka wajumbe wa mafundi na mabaharia wakae mezani zikiwa bado karatasi, na swali la mzee yule liwe la kwanza, kabla ya bei.